Chumba chenye Dirisha la Barabarani

Hata maiti nimewahi kumwonea wivu. Nalisema mapema, msomaji asije akanitarajia wema nisio nao. Pili alipofariki, mwaka huu huu, nilitoka Buguruni hadi Kariakoo nikiwa nimejitanda kanga na kuvaa sura yangu ya msibani, na kabla sijavua viatu macho yalishaanza kupima. Maturubai yamefunga mtaa kona hadi kona. Viti havitoshi, wanaume wamesimama. Wasukuma mikokoteni wamefika na mizigo yao, wameona msiba, wamegeuza njia bila kumtukana mtu. Kariakoo ukizibiwa njia siku ya kazi na usitukane, ujue aliyekufa ni mtu kweli. Nikajiuliza, mimi nikifa nani atanifungia mtaa? Jibu nililijua, likanikasirisha zaidi.

Ndani, kwenye mkeka wa wanawake, mama mmoja mwenye miwani alinisogezea nafasi, akaniinamia sikioni. "Mjukuu wa Bi Hidaya ndiye huyo katutoka," akasema. "Wenye mji wanakwisha, dada yangu." Nikaitikia, "Inna lillahi." Bi Hidaya alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Mjukuu wa Bi Hidaya ni mimi, Zubeda. Pili alikuwa mpangaji. Lakini mtu utasimama vipi katikati ya matanga, watu wana juzuu mikononi, useme jamani huyu marehemu alikuwa akilipa kodi? Nikakaa. Nikaegemea ukuta, na huku wanasoma mimi nikarudi Mtaa wa Sikukuu, kwenye ule mwaka nilioishi kwa Bibi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ya wazazi wangu niyaache, hayana kazi hapa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikaambiwa niende Kariakoo nikamsaidie Bibi. Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ilikuwa imeanza kumwagwa barabarani, redio za kaseti zinalia kila kibanda, na ghorofa za mwanzo mwanzo zinachomoza katikati ya nyumba za mabati, kila moja ikimwaga maji yake machafu kwa jirani. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya Kiswahili hasa: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi ulionyooka hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na huko uani jiko, bafu, choo, bomba, na kamba za kuanikia ambazo kila mpangaji alikuwa na yake na ole wako uanike kwenye ya mwenzio. Kuta hazikufika juu. Ziliishia pale mbao za paa zilipoanzia, pakaachwa wazi chumba hadi chumba ili upepo upite, kwa hiyo na maneno nayo yalipita. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anampa pole.

Bibi alikaa chumba cha mbele, kulia. Cha mbele kushoto, chenye dirisha la barabarani, ndicho nilicholala kila Idd tangu sijaota meno ya ukubwani. Nikisimama juu ya kitanda kile nilikuwa naiona barabara yote: wauza kahawa, wanawake wa Kihindi wakitoka dukani kwa Bwana Kanji na vitambaa vyao, watoto wa mtaa ambao siku ya Idd nguo zao zilikuwa duni kuliko zangu. Mtoto hahitaji hati ya kiwanja. Nilijua chumba kile ni changu. Basi siku ile nikafika na sanduku langu, nikamwamkia Bibi juu juu, nikakata kushoto bila kupiga hodi. Nikamkuta msichana wa rika langu amekaa kitandani, miguu ameikunja, anasuka ukili. Akainua macho, akatabasamu. "Karibu," akaniambia. Karibu! Kwetu! Hadi leo nikilikumbuka neno lile koo linaniwasha.

"Pili anakaa hapo," Bibi akasema nyuma yangu, kana kwamba anaeleza kuhusu jua na mvua. "Wewe nimekuwekea kitanda chumba cha nyuma, karibu na jiko. Hutapata baridi." Baridi ya Dar es Salaam! Nikalala chumba cha nyuma, nikivuta moshi wa vifuu vya nazi kila alfajiri, nikijifunza kumchukia mtu ambaye hakunifanyia lolote. Pili alikuja pale na mama yake, wakapanga chumba. Mama akaolewa, akahamia Kilwa, binti akabaki. Asubuhi alikaanga vitumbua barazani, mchana alisuka ukili, na saa zote alikuwa akiingia kwa Bibi bila hodi. Hodi! Mimi damu yake nilikuwa nabisha mlango, Pili alikuwa anasukuma kwa goti kwa sababu mikono ina sinia.

Lakini chumba ningekisamehe. Kilichoniua ni ukoko. Wali wa nazi wa Bibi ulipikwa kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na ukishapakuliwa unabaki chini ya sufuria ukoko wa rangi ya kahawia, umekolea tui, unaokatika kwa mlio. Sijaonja kitu mfano wake tena. Kila siku ya wali Bibi aliukwangua kwa upawa, taratibu, usivunjike, kisha akaita, "Pili, njoo mwanangu." Mimi nilikuwa nimeshawekewa sahani yangu, imejaa, samaki kipande cha katikati, mchuzi mzito. Mtu wa nje angesema nimependelewa. Mtu wa nje haelewi. Mgeni ndiye hupewa mnofu. Ukoko hupewa wa nyumbani.

Na baada ya Magharibi zilianza zile hadithi. Mimi nimelala chumba cha nyuma, Bibi na Pili wako chumba cha mbele, na maneno yanatembea juu ya kuta yananifuata. Pili alikuwa mtu wa kuuliza. "Bibi, hapa mwanzo palikuwaje?" Bibi akaeleza: mtaa ulikuwa mchanga mtupu, miguu inazama. Viwanja vilipimwa kwa mistari, kila kimoja sawa na mwenzake, na babu, aliyekuwa akipakua meli bandarini, akapata chake. Nyumba ilijengwa kwa miti na udongo. Wanawake wa mtaa mzima walikuja siku moja kukandika, wanaimba, matope hadi kwenye viwiko, na pilau ikapikwa uani, na uani penyewe hapakuwa na ukuta. Paa lilikuwa la makuti, likaja la madebe yaliyopondwa, likaja la mabati, na mvua ya kwanza juu ya mabati Bibi alilia akidhani nyumba inaanguka. "Huo ukuta wa chumba chako niliukandika mimi," nikamsikia akimwambia Pili. "Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa pili. Ukibandua plasta utakuta viganja vyangu." Mwanawe wa pili ni baba yangu! Mimba ile ndiyo iliyonileta mimi duniani, na habari zake anasimuliwa mtoto wa mama aliyeolewa Kilwa. Nikageukia ukutani, nikautazama ukuta wa chumba changu, nikautamani uwe na viganja. Ulikuwa na masizi. Msomaji ataniuliza mbona nami sikwenda kukaa mkekani niulize. Nitamjibu kwamba mwenye nyumba haulizi nyumba yake imejengwaje. Ndivyo nilivyoamini, na ndiyo maana leo haya yote nayajua kwa kudoea.

Katikati ya mwaka ule akaja mtu wa mahakamani, akabandika karatasi mlangoni. Nyumba itauzwa kwa mnada. Mambo yenyewe hayakuwa mageni, ni sisi tu tulikuwa tumeyafumbia macho. Nyumba ilikuwa ya babu, na babu alikuwa ameshafariki. Alikuwa na watoto kwa Bibi, na wengine kwa mke mkubwa, marehemu, nao wanakaa mbali na wanataka haki yao. Siwalaumu, haki ni haki. Mahakama ikaona nyumba haigawiki, basi iuzwe, kila mrithi apewe fungu lake. Fungu la mjane mwenye watoto ni thumni. Bibi alisomewa karatasi ile akiwa anakuna nazi, hakusimamisha mkono. "Thumni yangu inafika wapi?" akauliza. "Inafika mpaka bombani, au naishia ukumbini?" Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akainuka akaingia chumbani, na nazi ikabaki juu ya mbuzi nusu imekunwa. Pili akaja akaimalizia. Nilikuwa nimekaa karibu na mbuzi kuliko yeye, ila aliniwahi.

Ami Rajabu, mdogo wake baba, aliyekuwa na duka la vipuri Buguruni, akasema nyumba ataikomboa yeye. Akauza gari lake. Bibi akatoa bangili zake. Tatizo lilikuwa moja tu: matajiri. Kiwanja cha Kariakoo miaka ile kilikuwa kimeanza kunukia, na Ami alikuwa na uwezo wa mtu wa vipuri. Ndipo Pili, akiwa amesimama mlangoni na sinia la vitumbua, akasema, "Kwani watakaopanda dau si ndio hawa hawa wa mtaani? Tukawaombe." Mtaa ule ulikuwa na adabu yake. Nyumba ya mjane haipandiwi dau. Mtu akipita na mnada na mjane yumo ndani, wewe jirani unanyamaza, wenyewe waikomboe kwa bei yao. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini ukiivunja huna wa kukuzika. Ami akafurahi. Nikasema basi mimi na yeye twende mlango kwa mlango, mjukuu na mtoto. Ami akanitazama kwa huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyouma. "Wewe hawakujui, mwanangu," akasema. "Aende Pili."

Akaenda Pili. Alasiri yote nilikuwa nimesimama barazani nikimwona anavyopokewa. Anavua ndala, anaingia, anatoka na watu wanamsindikiza hadi nje. Wauza nyama walimwahidi. Fundi cherehani alimwahidi. Mwenye mashine ya kusaga, ambaye kila mtu alijua anaitamani nyumba, alimwahidi huku ameshika kifua. Mwisho akavuka barabara kwenda kwa Bwana Kanji, muuza vitambaa, mzee wa Kihindi ambaye duka lake lilitazamana na baraza letu tangu enzi za babu. Nikamwona Bwana Kanji akimvutia kiti. Akamsikiliza, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, akafikiri sana, kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha Pili kama anavyofanya kwa wanawe. Pili akarudi anang'aa. "Wote, Bibi," akasema. "Mtaa wote umekubali kunyamaza." Bibi akamvuta akambusu kipaji cha uso. Ningetoa nini siku ile niwe mimi niliyevua ndala mlango kwa mlango!

Siku ya mnada ilikuja gari ya pikapu yenye spika juu. Dalali alivaa suti ya kaunda, mkononi ana kengele ya shaba, na alikuwa na sauti nzuri kweli, sauti ya mtu anayependa kazi yake. Mtaa ulijaa. Bibi alikaa barazani kwenye mkeka mpya, Pili kulia kwake, mimi nimesimama nyuma maana kushoto kwake alikaa mke wa Ami. Dalali akasoma karatasi, akaisifu nyumba hadi nikaona haya, akapiga kengele. Ami Rajabu akataja dau lake. Dau dogo, la kuanzia.

"Nani zaidi?" akauliza dalali. Kimya. "Wazee wangu, nyumba ya Kariakoo hii, siyo shamba la mihogo! Nani zaidi?" Mtu akakohoa, watu wakamgeukia kwa hasira, akatazama viatu vyake. Yule wa mashine ya kusaga alikuwa ameubana mdomo kama amemeza shubiri. Dalali akatembeza macho, akamwona Bwana Kanji kasimama mlangoni pa duka lake, mikono nyuma. "Bwana Kanji! Wewe husemi kitu?" Bwana Kanji akatikisa kichwa. Hapo dalali akaanza kutoka jasho. Akamsogelea Ami, akashusha sauti lakini spika ilikuwa wazi, mtaa mzima ukasikia. "Mzee, ongeza basi hata kidogo."

"Niongeze dhidi ya nani?" Ami akamjibu, naye kwa sauti, maana alikuwa anajua watu wanamtazama. "Kuna aliyenipanda? Au nishindane na nafsi yangu?"

Watu wakaangua kicheko. Dalali hakucheka. Akaita mara moja tena, akaitazama karatasi yake, akaikunja, akapiga kengele. "Dau halijafika kiwango cha chini cha mahakama," akatangaza. "Mnada umeahirishwa." Na mtaa ukapiga vigelegele! Wanawake walirusha kanga juu, wauza nyama wakakumbatiana, Pili akabebwa juu juu kama bibi harusi, kwa sababu kila mtu pale alielewa kuahirishwa kuwa ni kushinda. Mimi mwenyewe nilielewa hivyo. Nilikuwa napiga makofi na moyo umeninywea, nikijua nyumba imepona na aliyeiponya ni Pili, na kwamba sasa chumba kile sitakipata tena mpaka Kiyama.

Bwana Kanji peke yake hakushangilia. Mchana, watu walipotawanyika, alivuka barabara, akakaa ukingoni mwa baraza, akakataa chai. "Bi Hidaya," akasema, "wakirudi hawatarudi hapa. Watanadi uwanjani kwao, mjini, na watatangaza gazetini. Watakuja watu wasiokujua."

Ami akamgeukia. "Sasa wewe ulilijua hilo," akasema, "mbona hukupanda? Ungepanda, nami ningekupanda, tungefika hicho kiwango tukamaliza hapa hapa. Hela nilikuwa nayo mfukoni, ila kiwango sikukijua!"

"Nilikuwa nalo neno mdomoni," Bwana Kanji akajibu. Akamtazama Pili. "Lakini nilimwahidi huyu."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ule tuliusikia sote pale barazani. Pili alikaa chini palepale sakafuni. Alishaelewa. Heshima aliyoikusanya mlango kwa mlango ndiyo iliyofunga midomo ambayo ingetuokoa. Mtu mmoja tu angemkosea adabu Bibi, nyumba ingekuwa yetu. Na mimi? Nitasema ilivyokuwa. Kitu kilinipanda kifuani, chepesi, kitamu, nikajisemea leo basi, leo atamwona alivyo. Nilimkodolea macho Bibi, nikingoja uso wake ubadilike anapomtazama Pili.

Ilikuwa siku ya wali. Bibi aliinuka, akaenda jikoni, tukasikia upawa ukikwangua sufuria, taratibu, usivunjike. Akarudi na kisahani. Akainama kwa shida, magoti yakilia, akamwekea Pili mapajani. "Kula mwanangu," akasema. "Umezunguka mtaa mzima kwa ajili yangu. Mimi nani alishanizungukia?" Pili akala na machozi yanadondokea ukokoni. Nami nikaelewa kwamba wapo watu ambao hata kosa lao linapendwa, na wapo ambao hata tukikaa bila kosa hakuna anayetuona. Nimeishi na maneno hayo miaka yote. Nimejaribu kuyatoa, hayatoki.

Mnada wa pili sikuuona. Ulifanyika uwanjani kwa dalali, upande mwingine wa mji, miongoni mwa magari mabovu na majokofu ya watu walioshindwa kulipa madeni. Ami alirudi alasiri, akavua kofia mlangoni, na hakuhitaji kusema. Aliyenunua alikuwa mfanyabiashara wa bara, mtu mpole tu, alikuja baadaye akamwamkia Bibi na akampa muda wa kuhama. Tulihama kwa mkokoteni, kitanda juu, magodoro juu ya kitanda, mbuzi ya nazi imefungwa kwa kamba pembeni. Wapangaji waliachwa kwanza, mpaka ghorofa ianze. Kwa hiyo wenye nyumba tuliondoka na mpangaji akabaki. Pili alitusindikiza hadi kona akilia kwa sauti, na mimi sikumwangalia usoni. Niligeuka kuangalia nyuma mara moja, nikaliona dirisha, pazia lake la maua linapepea nje.

Buguruni, kwa Ami, nilipewa kulala chumba kimoja na Bibi, vitanda vimegusana. Hatimaye! Nikamwogesha, nikamchana nywele, nikamkandia magoti, nikamuuliza habari za mtaa wa mchanga na paa la madebe, kana kwamba sijazisikia. Akanijibu kwa ufupi. "Zile nilimwambia Pili," alikuwa akisema. "Muulize Pili, yeye anazo." Siku ya kwanza alipopika wali kwenye jiko la Ami, nilikaa karibu na sufuria kama paka. Akaukwangua. Akauvunja vipande viwili. Kimoja akanipa mkononi, cha kwanza maishani mwangu, na kabla sijakitia mdomoni nikamwona anakifunika cha pili kwenye kisahani, anakiweka juu ya kabati. "Cha Pili," akasema. "Atakuja Ijumaa." Siku ile ilikuwa Jumapili. Ukoko ule ulikaa siku tano unakauka mpaka ukawa kigae, na Ijumaa Pili akaja, akauvunja kwa meno ya nyuma, akausifu.

Bibi aliishi miaka michache zaidi, na Pili hakukosa Ijumaa. Nyumba ikabomolewa, ghorofa ikasimama. Nimewahi kuipanda, siwezi kuficha, nikijifanya natafuta mapazia. Pale palipokuwa chumba cha mbele kushoto, kwa makadirio yangu, sasa wanauza mabegi ya safari, na kijana wa duka aliniuliza mama unasafiri kwenda wapi. Pili hakuondoka Kariakoo. Alihamia chumba mtaa wa pili, kisha nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, akaolewa, akawa yule mwanamke ambaye wageni wakija kuuliza zamani hapa palikuwa pa nani, wanaelekezwa kwake. Binti yake wa kwanza akamwita Hidaya. Mimi nilijaliwa mabinti wawili na sikumpa yeyote jina hilo, maana lilikuwa limeshachukuliwa, na sikutaka kuonekana namwiga mpangaji katika jina la bibi yangu mwenyewe.

Na huyo Hidaya ndiye aliyenirudisha mkekani. Walikuwa wamemaliza khitma, chakula kinaletwa, na yeye kasimama katikati ya wanawake, mtu mzima sasa, macho mekundu, sauti imekauka, anawasimulia. Bibi yetu alipolia mvua ya kwanza ya mabati. Bibi yetu alipokandika ukuta akiwa na mimba. Viganja vyake chini ya plasta. Neno kwa neno, kama yalivyopita juu ya kuta kunifikia. Wanawake wanaitikia, wengine wanafuta machozi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa mkeka kwa vidole vyote.

Akanifikia akiwa na sufuria na upawa. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Sikufahamu, mama, unisamehe. Ulikuwa jirani?"

"Nilikaa kwa Bi Hidaya," nikasema. "Mtaa wa Sikukuu."

Uso wake ukafunguka. "Kumbe! Ulikuwa mpangaji wa bibi? Ulikaa chumba kipi?"

Lilikuwa jambo jepesi kumwambia. Yule mama wa miwani alikuwa ameshageuka kusikiliza. Ningesema mimi ni mtoto wa ile mimba, na mkeka mzima ungekaa kimya, na jeneza la mama yake limetoka mlango huo jana. Nikamtazama Hidaya, nikaona ana tabasamu la Pili, lile lile la siku ya sanduku.

"Cha mbele," nikamwambia. "Kushoto. Chenye dirisha la barabarani."

"Eh! Lakini hicho si kilikuwa cha mama?"

"Alikuja baada yangu," nikasema.

Na ni kweli. Kila Idd ya utoto wangu ni shahidi. Hidaya akacheka huku analia, akapiga magoti mbele yangu, akasema basi wewe ni wa nyumbani, mama, ngoja, usile huo wa juu. Akainamisha sufuria, akaanza kukwangua chini, taratibu, usivunjike, akaniwekea sahanini wote mzima, wa kahawia, una mafuta. Wenzangu mkekani wakaniangalia. Mama wa miwani akasogeza sahani yake kidogo, kwa adabu, kama mtu anayengoja kukatiwa.

Nikaula wote. Sikumbakizia mtu.